Daftari la Mwanafunzi Lisiseme Uongo

Wazee walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Maneno haya yalisemwa kwa ajili ya wafanyaji biashara, lakini yamfaa mwanafunzi vile vile, maana elimu nayo ni mali, tena ni mali ipoteayo upesi kuliko shilingi. Mwenye duka akipungukiwa na sukari ataona gunia limelegea. Mwanafunzi aliyepoteza somo la moli au la umeme haoni kitu, kwa sababu kichwa chake hakipungui uzito. Huijua hasara yake siku ile anapofunua karatasi ya mtihani, na siku hiyo hakuna tena nafasi ya kulipa.

Kwa hiyo ni jambo la kusifiwa kwamba wanafunzi wengi, wanapodurusu masomo yao ya sayansi, huweka hesabu ya maendeleo yao. Wengine huchora jedwali ukutani, wengine huandika katika daftari, na wengine hutumia programu za simu. Walakini kuna hesabu na hesabu. Kuna daftari limwambialo mwenyewe hali yake ilivyo, na kuna daftari limwambialo maneno matamu tu. Hili la pili ni afadhali lisiwepo. Asiye na daftari huogopa, na mwenye hofu huenda akaamka mapema. Bali mwenye daftari la uongo hulala usingizi mzuri mpaka asubuhi ya mtihani.

Ukuta wa Kijani

Na uchukuliwe mfano wa kijana mmoja wa kidato cha nne, mwenyeji wa vilima vya Taita. Mfano huu ni wa vijana wengi, na kila shule itamtambua wake. Mama yake hulima mboga na kuzipeleka sokoni, na karo ya mwaka wa mwisho ilipatikana kwa kuuzwa ng'ombe wa maziwa, naye alikuwa mmoja tu. Kijana alilijua jambo hilo, wala hakuwa mvivu. Alitamani kuwa muuguzi, kazi isiyopatikana kwa mtu aliyeshindwa Biolojia.

Mwezi wa kwanza alinunua karatasi kubwa ya manila akaigawa katika sehemu tatu: Biolojia, Kemia na Fizikia. Chini ya kila somo aliandika mada zote tangu kidato cha kwanza hadi cha nne, na mbele ya kila mada akaacha kisanduku. Mada asiyoigusa aliipaka rangi nyekundu. Aliyoianza aliipaka manjano. Aliyoisoma mpaka mwisho na kunakili muhtasari wake aliipaka kijani. Kila jioni alisoma kwa taa, na kila Jumapili alipaka rangi. Ilipofika katikati ya mwaka ukuta ulikuwa wa kijani kama shamba la chai baada ya mvua. Mama yake aliwaita majirani waje kuutazama.

Kisha ukaja mtihani wa majaribio. Kemia alipata 34 kwa mia, Fizikia 29, na Biolojia aliyoitegemea alipata 46.

Hapa ndipo penye hatari iliyo kubwa kuliko alama zenyewe. Kijana alirudi nyumbani akaketi kitandani, akautazama ukuta wake. Akawaza hivi: "Ikiwa nimesoma yote, na hata hivyo nimeanguka, basi kasoro si kusoma. Kasoro ni akili yangu. Mimi sikuumbwa kwa sayansi." Wazo hilo lilionekana la haki, kwa sababu ukuta ulikuwa shahidi. Ni vijana wangapi wameiacha Fizikia au Kemia wakiamini kwamba hawana kichwa cha masomo hayo, hali kasoro ilikuwa katika daftari lao! Aliyekosa bidii aweza kuonywa, lakini aliyekuwa na bidii akaamini kwamba bidii haimfai kitu, ni vigumu kumwinua.

Mtunza Ghala

Mama alipoona mwanawe hali chakula, alimpelekea habari ndugu yake, aliyekuwa mtunza ghala wa chama cha ushirika cha wakulima. Mzee huyo hakusoma sayansi hata siku moja. Alikuja jioni, akakaribishwa chai, kisha akaomba kuuona huo ukuta.

"Rangi hii ya kijani maana yake nini?" akauliza.

"Maana yake nimeisoma mada hiyo, Mjomba."

"Na hii hapa uliisoma lini?"

"Mwezi wa pili."

"Na leo unayo?"

Kijana akanyamaza.

"Sikiliza, mpwa wangu," mzee akasema. "Ghalani nina kitabu cha kuandikia mali iingiayo. Magunia arobaini ya mahindi, tarehe fulani, shamba la fulani. Kitabu hicho hakisemi uongo. Magunia yaliingia kweli. Lakini mkaguzi akija hakai akasoma kitabu hicho akaondoka. Huniambia, 'Fungua mlango.' Ndipo twahesabu pamoja, gunia kwa gunia. Panya wamekula mengine, unyevu umeozesha mengine, mengine yalitoka na mtu akasahau kuandika. Yale tuyakutayo ndani, hayo ndiyo mali. Wewe umeandika mali iliyoingia tu, hukuhesabu iliyomo. Mtihani ndio mkaguzi wako, na mtihani hausomi ukuta. Hufungua mlango."

Kijana akasema, "Basi nimepoteza miezi sita, Mjomba."

"Hukupoteza. Mahindi yaliingia, na mengi yamo bado. Hujui tu ni yapi. Fungua mlango mwenyewe kabla mkaguzi hajafika."

Wenye Elimu Wasemavyo

Aliyoyasema mtunza ghala kwa uzoefu wa kazi yake, wenye elimu wameyapima kwa hesabu. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha kitabu juu ya kumbukumbu. Alikuwa amejifanyia majaribio mwenyewe, akijifunza kwa moyo orodha za silabi zisizo na maana, kisha akipima ni kazi kiasi gani iliyobaki ili azijue tena. Aliona kwamba baada ya saa moja tu zaidi ya nusu ya faida ya kazi yake ilikuwa imepotea, na baada ya siku moja karibu theluthi mbili. Lakini baada ya mwezi mzima hasara ilikuwa kama asilimia 79. Maana yake kusahau hukimbia mwanzoni, kisha hutembea polepole. Ni kweli kwamba somo lenye maana halisahauliki upesi kama silabi tupu. Hata hivyo njia ya kusahau ni ile ile, na mwanafunzi asomaye mada mwezi wa pili asirudi kwayo hadi mwezi wa kumi amewaachia panya ghala lake.

Jaribio la pili lafaa kujulikana na kila mwanafunzi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma. Baadhi ya habari hizo walizisoma mara mbili. Nyingine walizisoma mara moja, kisha wakafunika karatasi na kuandika yote waliyoyakumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, kusoma mara mbili kulishinda: asilimia 81 kwa 75. Lakini baada ya juma moja mambo yaligeuka. Katika yale waliyoyasoma mara mbili walikumbuka asilimia 42, na katika yale waliyojipima asilimia 56. Tena, katika jaribio lao jingine, wale waliokuwa wakisoma na kurudia kusoma ndio waliokuwa na matumaini makubwa zaidi kwamba wangekumbuka, na ndio waliokumbuka machache kuliko wenzao baada ya juma.

Msomaji na alifikiri jambo hili. Anayerudia ukurasa huona maneno yote ni ya rafiki zake wa zamani, na kuzoea huko hukudhani ni kujua. Ule ukuta wa kijani haukuandika kujua, uliandika kuzoea. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake, walipochunguza njia kumi za kujifunza, waliziweka mbili juu ya zote: kujipima, na kuyagawa marudio katika siku mbalimbali. Kupiga mistari chini ya maneno na kusoma tena na tena, ambazo ndizo njia zipendwazo na wanafunzi wengi, ziliwekwa chini.

Daftari Jipya

Kijana hakuichana karatasi yake. Aliiacha ukutani kama kitabu cha mali iliyoingia, kisha akanunua daftari la kawaida na kulipiga mistari ya safu tano. Ya kwanza ilikuwa ya tarehe. Ya pili ilikuwa ya swali lililoulizwa kitabu kikiwa kimefungwa. Ya tatu ilikuwa ya alama alizopata juu ya alama zilizowezekana. Ya nne ilikuwa ya sababu ya kukosa. Ya tano ilikuwa ya tarehe ya kuulizwa tena. Maswali aliyatoa katika karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, na majibu aliyasahihisha kwa mwongozo wa kusahihishia, bila kujihurumia. Palipokuwa na shaka alijinyima alama.

Jumamosi ya kwanza alizipima mada kumi zilizopakwa kijani. Zilizosimama zilikuwa tatu. Haikuwa siku ya furaha, na mtu asidhani kwamba kuandika "2 juu ya 8" katika daftari lako mwenyewe ni jambo jepesi. Mkono husita. Moyo husema, "Hili nalijua, nimesahau kidogo tu, weka 5." Lakini mficha maradhi, kifo humwumbua, na daftari lisiloonwa na mtu mwingine ndilo mahali pa kwanza pa mtu kujifunza kusema kweli.

Faida ya safu ya nne ilionekana kabla ya majuma mawili kupita. Kijana aliamini kwamba alama zake zote zilipotea kwa kutojua. Daftari lilisema vingine. Katika Fizikia aliulizwa juu ya springi iliyovutwa kwa nguvu ya nyutoni 2 ikarefuka kwa sentimita 5. Aligawa 2 kwa 5 akapata 0.4, hali swali lilitaka jibu kwa nyutoni kwa kila mita, nalo ni 40. Kanuni aliijua, kipimo hakukigeuza. Kosa hilo hilo lilitokea tena na tena, katika springi, katika mawimbi, katika umeme. Katika Biolojia aliulizwa aeleze kwa nini chembe nyekundu ya damu ikitiwa katika maji safi hupasuka, na chembe ya mmea haipasuki. Akaandika, "Kwa sababu ya osmosisi." Hilo ni jina, si maelezo. Hakusema kwamba maji huingia katika zote mbili, wala kwamba chembe ya mmea ina ukuta mgumu unaoizuia kupasuka. Katika Kemia hali ilikuwa tofauti: gramu 4 za sodiamu haidroksidi zilizoyeyushwa zikafanya sentimita za ujazo 250 zilimshinda kabisa. Hakujua kwamba gramu 4 ni moli 0.1, wala kwamba kwa lita nzima ni moli 0.4. Hapo hapakuwa na haraka wala usahaulifu. Mada yenyewe haikupata kuingia ghalani.

Makosa matatu, na dawa tatu. La kwanza lataka mazoea ya kukitazama kipimo kabla ya kuandika jibu. La pili lataka kusoma neno la swali: kutaja si kueleza, wala kueleza si kulinganisha. La tatu lataka kumwendea mwalimu. Mwanafunzi asiyeandika sababu huyatibu yote kwa dawa moja, nayo ni kusoma sura tena tangu mwanzo; ndiyo maana huchoka sana akapona kidogo.

Safu ya tano nayo ilikuwa na sheria yake. Swali alilolijibu sawasawa aliliahirisha kwa siku tatu. Akilijibu tena, kwa juma moja. Akilijibu tena, kwa majuma matatu. Alilolikosa lilirudi kesho yake, hata kama zamani lilikuwa limefika mbali. Desturi hii si ngeni. Sebastian Leitner, aliyeandika kwa Kijerumani kitabu juu ya namna ya kujifunza mwaka 1972, aliwashauri watu waandike maswali katika kadi na kuziweka katika sanduku lenye vyumba. Kadi iliyojibiwa husogea chumba cha mbele, isiyojibiwa hurudi chumba cha kwanza. Programu nyingi za simu zafuata kanuni ya namna hiyo. Asiye na simu asihuzunike. Kadi zakatwa kwa gamba la daftari kuukuu, na sanduku la viatu latosha.

Mkono Usioshika Bureti

Kuna sehemu moja ya mtihani wa sayansi ambayo daftari nyingi huisahau. Katika mtihani wa Hati ya Elimu ya Sekondari ya Kenya, ulioanza mwaka 1989, watahiniwa wamezoea karatasi tatu katika kila somo la sayansi. Mbili za kwanza ni za nadharia, zenye alama 80 kila moja, nazo pamoja hupunguzwa kuwa 60 kwa mia. Ya tatu ni ya vitendo, na alama zake 40 huhesabiwa zote. Maana yake alama moja ya maabara ina uzito kuliko alama moja ya nadharia.

Katika jedwali la kijana, mada ya asidi na besi ilikuwa ya kijani. Mtunza ghala alipomwuliza ni mara ngapi amefanya kazi hiyo kwa mkono wake, alijibu, "Tulifanya mara tatu darasani." Mzee akarudia swali: "Nimeuliza wewe." Ikaonekana kwamba kundi lao lilikuwa la wanafunzi sita na bureti moja. Mmoja alifungua bomba, mmoja alitikisa chupa, mmoja aliandika, na waliobaki walitazama. Kijana wetu alikuwa mtazamaji mara mbili, na mwandishi mara moja. Rangi ya kijani ilikuwa ya mkono wa mtu mwingine.

Hili si kosa la mtoto peke yake. Shule nyingi hazina vyombo vya kutosha, na mwalimu mmoja hawezi kusimama nyuma ya kila meza. Lakini karatasi ya tatu haiulizi kundi. Humtaka kila mtahiniwa apime kwa pipeti sentimita za ujazo 25 za besi, atie matone ya finolfthalini, aone rangi ya waridi, kisha afungue bureti mpaka ajue lini kumimina na lini kudondosha, ili akome kwenye tone lile linaloifuta rangi na asipite. Hutakiwa arudie mara tatu, ajaze jedwali lote, aandike desimali kwa namna moja tangu mwanzo hadi mwisho, na atafute wastani wa vipimo vinavyokaribiana tu. Mambo hayo hayasomwi usiku kwa taa. Mkono nao una kumbukumbu yake, na mkono usioshika chombo hauna cha kukumbuka.

Kwa hiyo daftari jipya lilipewa ukurasa wa peke yake wenye swali moja: "Nilifanya mwenyewe?" Kijana alimwendea mwalimu wake wa Kemia, akamwonyesha ukurasa huo uliojaa "Hapana," akaomba kubaki maabara saa za jioni pamoja na wenzake watano. Mwalimu alikubali, akaweka zamu: kila siku mmoja ashike bureti tangu mwanzo hadi mwisho, wengine wamtazame na kumsahihisha. Haikugharimu vyombo vipya. Iligharimu muda, na unyenyekevu wa kuonyesha ukurasa uliojaa "Hapana."

Mpaka wa Daftari

Yafaa pia kusema daftari lisifanye nini. Lisiwe kazi badala ya kazi. Wapo wanafunzi wamalizao Jumamosi nzima kwa rula na kalamu za rangi, wakipamba ratiba iliyo nzuri kama kitambaa cha meza, na jua likachwa wasijibu swali hata moja. Dakika kumi kwa siku zatosha kuandika hesabu. Kilichozidi ni pambo.

Kadhalika daftari lisiwe fimbo ya kujipigia. Mstari wenye alama mbaya ni habari, kama vile mvua isiyonyesha ni habari kwa mkulima. Haumtukani mtu. Wala lisimwibie mwanafunzi usingizi, kwa maana usingizi una sehemu yake katika kuyaimarisha yale yaliyojifunzwa mchana, na mwenye kukesha usiku wa mtihani huingia chumbani na ghala lililofungwa na ufunguo uliopotea.

Neno kwa Wazazi

Wazazi wengi hufikiri kwamba hawawezi kumsaidia mtoto katika sayansi kwa sababu wao hawakuisoma. Si hivyo. Mama wa kijana huyu hakujua moli ni nini, lakini alijua kushika kadi. Jioni, moto ukiwa mekoni, alimwambia mwanawe, "Haya, baba, nieleze hii." Kijana akaeleza, naye akamtazama usoni. Mzazi hahitaji kujua jibu ili aone mahali mtoto wake anapokwama, anaporuka, anapoanza kusema maneno makubwa ya kujifichia. "Hapo hukunieleza," akasema. "Hapo ulitaja jina tu." Bila kujua alikuwa akisema maneno yale yale ya mwongozo wa kusahihishia.

Basi mzazi na aache lile swali la kila siku, "Umesoma?" Swali hilo lina jibu moja, nalo ni "Ndiyo." Na aulize, "Juzi ulikosa nini, na leo waweza kunieleza?" Tena na asikasirike aonyeshwapo ukurasa wenye makosa. Mtoto apigwaye kwa ajili ya daftari la kweli atajifunza upesi kuandika la uongo.

Usiku wa Kuamkia Mtihani

Mwezi wa kumi na moja ulipofika, daftari la kijana halikuwa la kijani lote. Ziko mada zilizokuwa zimesimama imara, nyingi kuliko alivyotazamia. Ziko zilizoyumba. Mbili za Fizikia hazikusimama kabisa, naye alizijua kwa majina, akajua pia ni alama kiasi gani angeweza kuzikosa kwa ajili yake na bado akapita. Usiku wa kuamkia karatasi ya kwanza mjomba wake alimwuliza, "Uko tayari?"

"Si kwa yote, Mjomba," akajibu. "Lakini hakuna mahali nisipopajua."

Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda zake. Mkaguzi aweza kulikuta ghala halikujaa, na hakuna aibu katika hilo, maana hakuna ghala lijaalo lote. Aibu ni mtunza ghala kushangaa pamoja na mkaguzi mlango ufunguliwapo.

Mfumo wa 8-4-4 unakaribia mwisho wake, maana kundi lake la mwisho liliingia kidato cha kwanza mwaka 2024. Mitihani mingine itachukua mahali pa huu, na majina yatabadilika. Lakini hakuna mtihani utakaokuja kumwuliza mwanafunzi ni kurasa ngapi alizopitisha mbele ya macho. Kila mmoja utauliza yaliyomo. Basi kila mwanafunzi aliye na jedwali ukutani na alitazame leo jioni, achague kisanduku kimoja cha kijani kinachompendeza sana, afunge kitabu, achukue karatasi tupu, aandike yote ayajuayo juu ya mada hiyo. Kisha afungue kitabu na kuhesabu. Hesabu atakayoipata, iwe ndogo au kubwa, ndiyo mstari wa kwanza wa daftari lake la kweli.